Nani Ampimie Mwanafunzi Somo Lake?

Katika mikutano ya elimu ya siku hizi, hapa kwetu Uganda na kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi, imezuka hoja moja ambayo aghalabu hutolewa kwa sauti ya mtu atangazaye habari njema. Hoja yenyewe ni hii: kwamba uhaba wa walimu wa Kiswahili si tatizo kubwa tena, kwa kuwa simu ya mkononi imekwisha kuwa mwalimu, kwamba programu iliyomo ndani yake humtambua kila mwanafunzi, humpa somo la kiasi chake, humngoja akichelewa na humwongoza mbele akiweza, na kwamba, kwa hiyo, fedha ambazo zingeajiri walimu afadhali zinunue vishikwambi. Sisi tufundishao Kiswahili katika nchi ambazo lugha hii haikuzaliwa humo hatuna ruhusa ya kuipokea hoja hiyo kwa kicheko, wala kwa makofi. Yatupasa tuipime.

Tunautaja msimamo wetu mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta. Hatuipingi simu. Hatukipingi kishikwambi, wala redio ya umeme wa jua, wala kifaa kingine chochote ambacho kompyuta ndogo imepachikwa ndani yake ili kimsaidie mtoto kujifunza. Tunayoyapinga ni mambo mawili. La kwanza ni mwalimu kuondolewa mahali pake kwa kisingizio cha mashine. La pili ni somo lililokatwa na kushonwa mbali, kwa kipimo cha mwili mwingine, kuletwa kwetu kama nguo ya mtumba, kisha tukaambiwa kwamba limeshonwa kwa ajili yetu.

Neno lililopotea njia

Tuanze na neno, maana sisi ni watu wa maneno. Wazungumzaji wa mambo haya, wanapotaka kutaja somo lirekebishwalo kumfaa mwanafunzi mmoja mmoja, hutumia neno "ubinafsishaji". Kila asomaye magazeti ya Kiswahili anajua maana ya neno hilo. Tangu miaka ya 1990, ubinafsishaji ni kuuza mali ya umma kwa watu binafsi: viwanda, benki, reli, mashirika. Mkulima wa Morogoro au wa Kisumu ukimwambia kwamba elimu ya mwanawe "itabinafsishwa", atakuuliza shule imeuzwa kwa nani.

Wako watakaosema kwamba haya ni mabishano ya wanaisimu, na kwamba neno litazoeleka. Sisi tunaona kwamba kosa hili limesema kweli bila kukusudia. Mahali pengi kile kiitwacho kumfaa mwanafunzi ni kuikabidhi kazi ya darasa la umma kwa kampuni, ambayo haijui jina la kijiji wala lugha ya mama wa mtoto. Sisi twapendekeza tuseme "somo la kupimiwa", kama isemwavyo nguo ya kupimiwa. Fundi cherehani hampimii mteja kwa kumtazama tu akipita njiani. Humsimamisha, akanyosha utepe begani na kiunoni, akauliza nguo ni ya kazi au ya arusi, ndipo akakata kitambaa. Neno likiwa hilo, kila mmoja atajua la kuuliza: ni nani aliyepima, na alipima nini?

Mashine hupima nini?

Tueleze kwa ufupi jinsi programu hizi zifanyavyo kazi, ili tusizihukumu bila kuzijua. Mwanafunzi huulizwa swali. Akijibu sawa, huletewa lililo gumu zaidi. Akikosa, hurudishwa nyuma au hupewa zoezi lingine la aina ile ile. Mashine hukumbuka kila jibu, na pengine hata muda uliotumika kulitoa. Kutokana na kumbukumbu hizo hukadiria kama mwanafunzi amekwisha kulimudu jambo fulani, kisha huamua hatua ifuatayo. Fikira hii si mpya. B. F. Skinner wa Marekani alikuwa na mashine yake ya kufundishia katika miaka ya 1950, na Chuo Kikuu cha Illinois kilianza kufundisha kwa kompyuta iliyoitwa PLATO mwaka 1960. Jambo jipya ni kwamba chombo kilichojaza chumba kizima sasa chaingia mfukoni, na bei yake imeshuka.

Sifa za mashine hizi tuzikiri bila choyo. Hazichoki. Hazimcheki mtoto akosaye mara kumi. Hazina mtoto wanayempenda kuliko mwingine. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini mbele yake, daftari themanini mezani na dakika arobaini mkononi, hawezi kumpa kila mmoja zoezi lake. Anayesema kwamba aweza hajapata kusimama mbele ya darasa kama hilo. Kwa hiyo hatudai kwamba mwalimu wa leo humpimia kila mtoto somo lake na kwamba mashine imekuja kumnyang'anya kazi hiyo. Twadai jambo lingine: kwamba mashine huona kosa, lakini haioni kisa cha kosa, isipokuwa mwenye kukijua ameiambia.

Watoto watatu, kosa moja

Tuchukue mfano mmoja ambao kila mwalimu wa Kiswahili wa Kampala atautambua. Wanafunzi watatu wa kidato cha kwanza wameandika sentensi ile ile: "Vitabu yangu imepotea." Mashine itawahesabia wote kosa moja, na itawarudisha wote katika somo moja la upatanisho wa ngeli. Hebu tuwatazame watoto wenyewe.

Wa kwanza ni Mwacholi. Lugha ya mama yake haipangi majina katika ngeli kama zifanyavyo lugha za Kibantu. Kwake yeye, kwamba neno "vitabu" liwe na mamlaka juu ya "yangu" na juu ya kitenzi ni jambo geni kabisa, na hana budi kulijenga kutoka katika msingi. Huyu kwa kweli anahitaji somo refu, la pole pole, lenye mifano mingi.

Wa pili ni Muganda. Nyumbani kwao husema "ebitabo byange bibuze". Upatanisho anao tangu kunyonya, na pengine anao kwa ukamilifu kuliko mwalimu wake. Kilichomponza ni kwamba hakuna aliyemwonyesha kuwa bi- ya kwao ndiyo vi- yetu: ebitabo ni vitabu, byange ni vyangu. Mtoto huyu hahitaji somo zima. Anahitaji sentensi moja, ya mwalimu anayezijua lugha zote mbili, na uso wake utang'aa papo hapo. Kumrudisha mwanzo wa ngeli ni kumpotezea juma zima na kumfanya aamini kwamba Kiswahili ni kigumu, ilhali ni lugha ya jamaa zake.

Wa tatu ni msichana aliyekulia karibu na kambi ya askari, au sokoni kwa wachuuzi. Huyu Kiswahili anakisema tangu utoto, tena kwa kasi kuwashinda wenzake wote. Ila Kiswahili chake ndicho hicho cha "vitabu yangu", na mtaani kwao kinaeleweka barabara. Kumwambia kwamba hajui ni kumtukana. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba lugha ina mavazi ya nyumbani na mavazi ya baraza, na kwamba shule inataka kumpa yale ya pili bila kumvua yale ya kwanza. Nchini mwetu, ambamo Kiswahili kimebeba kwa miaka mingi shutuma ya kuwa lugha ya askari na ya wahalifu, jambo hili si dogo. Mtoto akichekwa kwa Kiswahili alichokuja nacho, hatatamani kingine.

Huko Rwanda na Burundi mifano ya namna hii haina idadi. Neno "ejo" katika Kinyarwanda na Kirundi ni jana na pia ni kesho. Maana hubainishwa na kitenzi au maneno mengine yaliyo karibu. Mtoto wa huko akichanganya "jana" na "kesho" hajasahau msamiati, bali anatafsiri kwa uaminifu. Tena Waganda na Wanyarwanda wengi huzichanganya sauti za l na r, hata "kula" ikawa "kura". Mashine isikiayo matamshi itamwambia mtoto huyo "kosa", "kosa", "kosa", bila kumweleza ulimi auweke wapi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Programu ya Kiswahili ya Duolingo, ilipotolewa mwaka 1917 ukiongeza miaka mia moja, yaani 2017, ilitungwa kwa ajili ya wasemao Kiingereza. Hatuilaumu kwa hilo. Ilipima mwili uliokuwa mbele yake. Mwingereza lazima aanze kwa kuelezwa ngeli ni nini. Lakini kumpa Muganda somo lilelile, tena kwa njia ya Kiingereza, ni kumzungusha mtu Ulaya ili afike nyumba ya jirani.

Ushahidi unasemaje?

Wauzaji wa vyombo hivi hupenda kumtaja Benjamin Bloom, mwanaelimu wa Chicago. Mwaka 1984 Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake, ana kwa ana, aliwapita asilimia 98 hivi ya wanafunzi waliofundishwa kwa pamoja kwa njia ya kawaida. Tafiti za baadaye zimeona faida ndogo kuliko hiyo, ingawa faida ipo. Lakini wauzaji husahau kutaja jambo moja: aliyekaa na mwanafunzi katika tafiti za Bloom alikuwa binadamu. Kuutumia ushahidi huo kumwondoa mwalimu ni kama kuusifu uji kwa mgonjwa, kisha ukampa kijiko kitupu.

Tazama na mambo ya Peru. Serikali ya nchi hiyo iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa mashambani chini ya mpango uliojulikana duniani kwa jina la One Laptop per Child, ambao Rwanda nayo iliuingia tangu mwaka 2008. Watafiti walilinganisha shule 319 za vijijini, na matokeo yao yalitolewa mwaka 2012: watoto walizipata kompyuta na walizitumia, ila katika mitihani ya hesabu na ya lugha hakukuonekana maendeleo yoyote yaliyowatofautisha na wenzao wasiopewa.

Huko Delhi, India, mambo yalikwenda vingine. Programu iitwayo Mindspark ilijaribiwa kwa wanafunzi wa shule za serikali, ambao wengi wao walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Katika muda wa miezi minne na nusu tu waliendelea kwa kiasi kikubwa katika hesabu na katika Kihindi, kama ilivyoelezwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Kwa nini Delhi walifaulu na Peru hawakufaulu? Kwanza, programu ya Delhi ilianzia pale mtoto alipo, si pale ambapo muhtasari wa masomo unadai awepo. Pili, ilitungwa India, katika lugha ya watoto, na watu waliokuwa wamekusanya makosa ya watoto wa Kihindi kwa miaka. Tatu, watoto hawakuachwa na mashine peke yao: nusu ya muda walikuwa mbele ya kompyuta, na nusu nyingine walifundishwa na mtu katika vikundi vidogo.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni wa Tanga, na huo ni wa Kiswahili chenyewe. Mwaka 2014 lilitangazwa shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya jumla ya dola milioni 15. Walioshindana walitakiwa watunge programu ambayo mtoto asiyekwenda shule angeweza kuitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Programu tano zilizoingia fainali zilijaribiwa katika mkoa wa Tanga kwa miezi 15, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi, na vijijini viliwekwa vituo vya kuvichaji kwa umeme wa jua. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya majaribio idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 zawadi kuu iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Hayo ni mafanikio, na mwenye kuyabeza hana haki. Mtoto ambaye hakuwa na shule wala kitabu akaweza kusoma neno lake la kwanza ni jambo la kushangiliwa. Hata hivyo yatupasa kusoma hesabu hiyo mpaka mwisho. Kama waliokuwa hawajui walipungua kwa nusu, basi nusu nyingine, baada ya miezi 15 na chombo mkononi, walikuwa bado hawajaweza kusoma neno moja. Hao ndio wanaomhitaji mtu. Tena kumbukeni kwamba Tanga ni nchi ya Kiswahili. Mtoto anayejifunza kusoma neno "maji" kijijini Tanga amekwisha kulisikia kisimani, dukani na katika redio. Mtoto wa Gulu au wa Kabale hukutana na neno hilo darasani kwa mara ya kwanza. Kilichofaa kule hakiwezi kuhamishiwa huku bila kupimwa upya.

Kwa ndugu zetu wanaokataa

Sasa tugeukie upande wa pili, maana lawama yetu si ya upande mmoja. Wako walimu wenzetu ambao jibu lao kwa haya yote ni kufuli. Simu ni marufuku bwenini, kompyuta za shule zimefungiwa chumbani zisiingiwe na vumbi, na mwalimu mwenye kutaka kuzitumia husaini vitabu vitatu. Twaielewa hofu yao. Simu huleta mambo mengi yasiyo masomo, nayo ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya teknolojia katika elimu imeonya kwamba chombo kisitumike ila pale kinapomfaa mwanafunzi, na kwamba kisichukue nafasi ya kufundishwa na mtu.

Ila kufuli halijibu swali la daftari themanini. Wala halijibu yaliyotupata tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, shule za Uganda zilipofungwa kwa karibu miaka miwili kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, muda mrefu kuliko karibu nchi zote duniani. Katika kipindi hicho mtoto mwenye simu na mzazi wa kulipia alipata chochote. Asiyekuwa navyo alipata mapumziko marefu ambayo wengine hawakurudi kutoka humo. Mwalimu aliyekuwa hajawahi kujifunza kutunga somo fupi la kusikilizwa redioni au la kutumwa kwa ujumbe wa maandishi hakuwa na la kumfaa mwanafunzi wake. Kukataa kukijua chombo si ulinzi wa mila. Ni kuwaachia wengine waamue kitakavyotumika.

Wala tusidhani kwamba kukaa kando kutatuepusha. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ukakifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kiwe cha lazima katika shule za msingi na sekondari. Amri zimetangulia, walimu hawajafuata. Pengo hilo lazima litajazwa na kitu. Tukinyamaza, litajazwa na yeyote atakayefika kwanza na sanduku la vishikwambi.

Nani alipe, nani atunze siri?

Kuna maswali mawili ambayo hayatajwi katika hotuba za ufunguzi. La kwanza ni la gharama. Somo lililomo katika intaneti halina bei mpaka mzazi anunue bando. Nchini Uganda, tangu Julai 2021, data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, uliowekwa badala ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza mwaka 2018. Somo linalodai intaneti kila dakika ni somo la mtoto wa mwenye mshahara. Vishikwambi vya Tanga vilithibitisha kwamba programu yaweza kukaa ndani ya chombo na kufanya kazi kijijini pasipo mtandao. Basi na lisiwepo tena sharti jingine.

La pili ni la siri. Mashine impimiayo mtoto humwandika: alikosa nini, mara ngapi, saa ngapi, akiwa wapi. Mwalimu naye humjua mtoto hivyo, ila ajuayo mwalimu hukaa shuleni. Mwezi wa Mei 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wake wa programu na tovuti zaidi ya 160 za elimu zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa UVIKO-19, likasema kwamba karibu tisa katika kila kumi zilihatarisha au kuvunja haki za watoto kwa namna zilivyokusanya habari zao. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, na Kenya vivyo hivyo; Rwanda imefuata mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria zipo. Ni mwalimu mkuu gani aliyewahi kumwuliza mleta vishikwambi daftari la makosa ya watoto wake linakaa katika nchi gani, na nani hulisoma?

Tunayoyataka

Kulalamika bila kupendekeza ni kazi ya mvivu. Kwa hiyo tunaweka mbele ya wanachama wa chama chetu mambo matano, tukiomba yajadiliwe katika matawi yote.

Kwanza, tuanzishe ghala la makosa. Kila mwalimu anayesahihisha insha ana hazina mkononi ambayo hakuna kampuni inayo. Tuandike kosa, lugha ya kwanza ya mwanafunzi, na kisa cha kosa kwa kadiri tunavyokijua, pasipo jina la mtoto. Matawi ya Acholi, Buganda, Ankole, Kigali, Bujumbura na Bukavu yakifanya hivyo kwa mwaka mmoja, tutakuwa na utepe wa kupimia ambao kila mtunzi wa programu atalazimika kuja kutuomba.

Pili, tutumie kilichokwisha kuwa huru. Kwa masharti ya shindano, programu zile tano za Tanga zilitolewa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuzirekebisha. Hakuna sababu ya serikali zetu kulipa tena kwa jambo ambalo limekwisha kulipiwa. Vyuo vyetu vya ualimu vina vijana wenye ujuzi wa kompyuta. Waketi pamoja na walimu wa lugha, waongeze njia ya Muganda, njia ya Mwacholi na njia ya Mnyarwanda.

Tatu, tuziweke sauti zetu ndani. Mashine husikia matamshi iliyozoezwa kuyasikia. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za wasemaji wa Kiswahili, na wa Luganda pia, kwa matumizi ya wote. Tukiacha sauti za Mvita na Unguja pekee ndizo zisikike humo, tusishangae mwanafunzi wa Mbarara akiambiwa kwamba hajui kusema.

Nne, mashine imjulishe mwalimu. Programu isiyompa mwalimu habari za maendeleo ya darasa lake isiingie shuleni. Mashine ihesabu, ipange na irudie rudie mazoezi. Mwalimu apate nafasi ya kukaa na wale ambao mashine imewashindwa. Kwa njia hiyo dakika arobaini zitawatosha watoto wengi zaidi.

Tano, pasiwepo kishikwambi kinachonunuliwa kwa fedha ya nafasi ya mwalimu. Bajeti ya vyombo na bajeti ya ajira ziwe mbali mbali, na chama chetu kidai kuziona zote mbili.

Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha hii, Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizohusika, pamoja na Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Huo ulikuwa wakati wa wakoloni, na walioketi mezani hawakuwa walimu wa namna yetu. Leo Kiswahili kinasanifishwa tena, safari hii ndani ya mashine, na kila programu inayosema "sawa" au "kosa" kwa mtoto inakata shauri la lugha. Wanaokata shauri hilo kwa sasa wako mbali nasi. Sisi tuna daftari za wanafunzi, tuna lugha za mama zao, na tuna miaka ya kusikiliza makosa yao. Tupeleke utepe wetu mezani kabla kitambaa hakijakatwa chote.